Tetekuwanga ya Kibonge

Siku ya tatu ya tetekuwanga, binti yangu wa miaka minne alikuwa hakai wala halali. Malengelenge yalikuwa yamemjaa mgongoni, mpaka ndani ya nywele. Nilimkata kucha, nikamwogesha maji ya uvuguvugu, kisha nikaanza kumpaka dawa kwa pamba. Nguo za wateja zilikuwa zimerundikana kwenye cherehani yangu.

"Usijikune, mama. Vipele hivyo vitaacha makovu."

"Mbona vya Kibonge havikuacha?"

Kibonge ni binti wa mdogo wangu, ambaye ni msusi. Wiki mbili nyuma alilala kwetu siku mbili, kavalishwa mikono mirefu na joto lote lile. Mdogo wangu aliniambia mtoto kaumwa na mbu.

"Kwani Kibonge alikuwa navyo?"

"Ndiyo. Mama mdogo alisema nisikwambie, utamrudisha."

Niliiweka pamba chini. Ugonjwa ningeusamehe, watoto huambukizana. Lakini kumfundisha mwanangu kunificha!

Nilimpigia simu mdogo wangu, naye hakukana. "Dada, ningefunga saluni? Wewe si unashonea nyumbani?"

"Ungeniambia, ningempokea hivyo hivyo."

Nilikata simu.

Kesho yake alikuja na matunda. Niliyapokea mlangoni, nikamshukuru kama ninavyomshukuru mteja. Binti yangu alipona, akarudi kucheza. Mdogo wangu bado hunipigia kunisalimu, nami huitikia vizuri tu, ila mambo ya moyoni siku hizi namwambia jirani.