Likizo ya Mzee wa Droo ya Tatu

Jumatatu asubuhi ofisi ya utumishi iligundua kwamba Mzee hajachukua likizo kwa miaka kumi na mmoja, ikamwandikia barua ya kupumzika siku ishirini na nane, kuanzia saa ile ile.

Mzee hakuwa mtu. Alikuwa kipande cha nyama ya mji wa uzazi, kidogo kama ukucha, kilichofunikwa kwa nta na kutunzwa katika droo ya tatu ya maabara. Ilijulikana kwamba kina vipokezi, yaani mahali ambapo homoni huishika seli na kuiamrisha. Basi kila uvimbe uliopimwa ulipakwa rangi pamoja na kipande chembamba kilichokatwa kwa Mzee. Mzee akigeuka kahawia, majibu ya uvimbe yanaaminika. Asipogeuka, kazi inarudiwa. Na kwa kuwa aliandikwa kila siku kwenye daftari la zamu, utumishi walimhesabu mfanyakazi, tena asiyechelewa hata mara moja.

Mkuu wa maabara alikwenda kumbembeleza afisa utumishi, akarudi na fomu iliyouliza mfanyakazi atakuwa wapi wakati wa likizo. Aliandika, "Droo ya tatu." Afisa akaidhinisha, kisha akaja mwenyewe kuifunga droo kwa kufuli.

Aliyeumia zaidi ni binti wa kupaka rangi, msichana mwenye haya ambaye hata salamu aliitoa akitazama viatu. Mezani kwake kulikuwa na uvimbe wa ovari wa shangazi yake, aliyemlea. Dawa za dripu zilikuwa zimeshindwa. Daktari alisema uvimbe ukiwa na vipokezi atajaribu vidonge vya kuzuia homoni. Usipokuwa navyo, hana la kuongeza. Alitaka majibu Alhamisi.

Ndipo binti alipokumbuka uvimbe mdogo aliotolewa yeye mwenyewe tumboni mwaka uliopita. Ulipimwa humo humo maabarani, ukageuka kahawia sawasawa na Mzee, na ulikuwa bado kabatini, una namba tu. Hakuna mwenzake aliyejua ni wake. Angetamani ardhi ipasuke immeze kuliko kulisema hilo, lakini alijaza fomu ya kaimu wa Mzee, akaipeleka utumishi.

Afisa aliisoma mara mbili. "Huyu kaimu ni nani?"

"Ni mimi, bosi. Sehemu yangu."

"Na wewe tayari umeajiriwa. Mtu mmoja hashiki nafasi mbili, binti yangu."

Kwa mara ya kwanza aliacha kutazama viatu. "Basi nipeni likizo mimi, kipande kibaki kazini. Shangazi yangu hana siku ishirini na nane za kupoteza."

Afisa alifikiri, akaona sheria haijavunjika popote. Akamjazisha fomu ya likizo, akagonga mhuri zote mbili, ya kaimu na ya likizo. Na kwa kuwa aliye likizoni haruhusiwi kufanya kazi maabarani, alimpa beji ya mgeni.

Hivyo mgeni akapaka rangi siku nzima, huku mkuu akimkaribisha kiti kila alipopita. Alhamisi waliweka kioo chini ya hadubini. Kipande chake kilikuwa kahawia kama chai ya rangi. Mkuu akasogeza kioo upande wa shangazi, akahesabu. Kisha akampisha binti atazame. Seli saba katika kila kumi zilikuwa kahawia.

Binti alimpigia shangazi simu pale pale. Alimweleza taratibu kwamba vidonge vitajaribiwa, kwamba si ahadi, ila uvimbe umeonekana unaisikia homoni, na vidonge ni vya kuuziba masikio.

"Kumbe unasikia?" shangazi akauliza.

"Unasikia, shangazi."

"Basi mwambie daktari asinipe vidonge leo. Anipe kesho. Kuna maneno nataka niuambie kwanza."