Tonge la Kwanza la Kikaango

Anghel alikuwa hawezi tena kumeza nyama. Mkate hakuuweza, ugali hakuuweza. Hata kiazi kilichopondwa kilisimama katikati ya kifua kama mtu aliyekuta mlango umefungwa, kikangoja, kisha kikarudi kilikotoka. Supu na maziwa vilipita. Na yeye ndiye aliyekuwa mchinjaji wa nguruwe wa kijiji, na leo ilikuwa siku ya Mtakatifu Ignati, kilele cha wiki ya kuchinja nguruwe wa Krismasi, ambapo mchinjaji hula kabla ya watu wote.

Madhara hayo alijifanyia mwenyewe, bila kukusudia. Mkewe Safta alipokufa, Anghel alipika sabuni peke yake kwa mara ya kwanza. Maji ya magadi makali yaliyobaki akayatia kwenye chupa tupu ya gongo la matunda ya plamu, maana katika nyumba zetu kila kitu hutiwa kwenye chupa ya gongo. Siku moja ya Machi alirudi nyumbani na baridi mwilini, akaifungua chupa, akapiga funda. Hapakuwa na mtu ndani wa kumwambia, "Si hiyo."

Daktari wa mjini alimwonyesha kwenye picha. Umio, ile njia inayoshuka kutoka koromeo hadi tumboni, ulikuwa umeungua, na ulipopona ulijaa makovu na kubana. Unaweza kupanuliwa, akasema, lakini itabidi uje mara kwa mara, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani. Anghel hakwenda tena.

Sasa alikuwa uani kwa Veturia, mjane wa mtaa wa chini. Nguruwe alikuwa amekwisha kubabuliwa manyoya kwa moto wa mabua, akasuguliwa, akalazwa chali juu ya mlango mkuukuu. Anghel akampasua bila haraka. Akatafuta umio pale unapopenya kiwambo cha kifua kuingia tumboni, akaufunga kwa uzi, akakaza, ili uchafu wa tumbo usimwagikie nyama. Kisha akaukata juu ya fundo, na kabla ya kuutupa akapitisha kidole ndani. Ulikuwa laini. Mikunjo yake ilifunguka yenyewe mbele ya kidole.

"Umepoteza pete humo, Anghel?" Huyo alikuwa Iordache, ndugu wa marehemu mume wa Veturia. "Shemeji, njoo umwone fundi wako, anachumbia matumbo!"

Watu wakacheka.

"Shika huo mguu," Anghel akasema. "Tangu asubuhi kazi yako ni kushika glasi tu."

"Na wewe glasi umeikataa. Mchinjaji anakataa gongo! Umeokoka, au unaficha kitu?"

Anghel akainama kwenye kazi yake. Katika nyumba alizochinja wiki ile alikuwa amelitemea tonge la kwanza kwenye leso na kumpa mbwa, na maneno yalikwisha kuanza. Kwetu, mchinjaji asipokula tonge la kwanza la kikaango, nyumba ile inaingia mwaka na mkosi.

Lakini hicho sicho kilichomkaba. Asubuhi, walipokuwa wawili tu zizini, Veturia alimwambia huku akiangalia ndoo, "Krismasi usikae peke yako, Anghel. Njoo hapa. Hata ukikaa mpaka theluji iyeyuke, nani atauliza?"

Mtu anayekaa mpaka theluji iyeyuke lazima ale.

Wakaingia ndani. Kikaango kikawekwa mezani, nyama ikitokota katika mafuta yake yenyewe, ugali pembeni, na kabichi ya siki. Hakuna aliyegusa uma. Veturia akachagua kipande cha sarara, nyama laini ya mgongo, akakiweka katika sahani ya Anghel.

"Karibu, fundi. Tunakungoja wewe."

Iordache alikuwa anaitazama mikono ya Anghel. Leso ilikuwa tayari magotini. Anghel akamtazama Veturia, aliyekuwa amevaa kitambaa kipya kichwani, akairudisha leso mfukoni.

Akatafuna mpaka nyama ikawa uji. Akameza. Kidakatonge kikafunika njia ya pumzi kama inavyopasa, koromeo likasukuma, tonge likashuka, likashuka, likasimama. Alipajua mahali pale kama mtu anavyojua boriti ya nyumbani kwake inayomgonga kichwa. Akangoja. Akanywa maji, maji yakakaa juu ya nyama. Mate yakaanza kupanda. Akainuka kwenda nje, lakini alifika kizingitini tu, na pale, mbele ya wote, kila kitu kikarudi.

"Huyu ni mgonjwa," Iordache akasema, safari hii bila mzaha. "Na nyama yote imepita mikononi mwake."

"Funga mdomo, Iordache!" Veturia akamfuata Anghel hadi barazani. "Tangu lini?"

"Machi."

"Ungeniambia, ningekuchujia supu."

"Ungenichujia mara ngapi?"

"Watu hula mara ngapi?"

Anghel akafuta mdomo. Juu ya bega la Veturia aliona meza. "Wageni wako hawali," akasema.

Veturia akageuka kutazama. Uma zilikuwa bado zimelala. Mtu mmoja alikuwa anasukuma sahani yake mbali, polepole. Ile ilikuwa nyama ya nyumba nzima mpaka majira ya mavuno. Alikawia kumgeukia Anghel tena. Alipogeuka, Anghel alikuwa anafungia visu vyake guniani.

Tonge lile halikuzidi kidole gumba. Lilimgharimu kiti cha mbele katika kila nyumba iliyokuwa bado inamwita. Lilimgharimu kazi, kwa sababu Desemba iliyofuata walimwita mtu wa kijiji cha pili. Lilimgharimu Krismasi ile. Supu Veturia alileta, si uongo. Jumapili ya kwanza na ya pili, imechujwa vizuri, akaiacha juu ya ukuta wa ua wa Anghel, imefunikwa kwa sahani, na Anghel akarudisha sufuria ikiwa imeoshwa. Jumapili ya tatu ilianguka theluji, na juu ya ukuta palikuwa na theluji tu.