Kilima cha Lectoure

Kila asubuhi, akishamaliza kumlisha mkewe uji kwa kijiko, Shaukat aliwasha televisheni na kumwekea Ufaransa. Ilikuwa video ya mtu asiyeonekana uso, aliyefunga kamera kwenye usukani wa baiskeli akazunguka vijijini siku sita. Barabara nyembamba ilipanda na kushuka, alizeti huku na huku, mara mapaa ya vigae, mara kanisa, mara mbwa amejilalia katikati ya njia kana kwamba ni yake. Daulat, ambaye ugonjwa wa misuli ulikuwa umeshamnyang'anya miguu na mikono, alitazama bila kuchoka.

"Kushoto," alisema, kwa ile sauti nyembamba iliyombakia.

Na kweli, mwendesha baiskeli akakata kushoto.

Njia hiyo aliijua kabla ya kuiona video. Aliichora mwenyewe kwenye ramani, siku zile mkono ulipokuwa bado unashika penseli. Auvillar hadi Lectoure, kilomita thelathini na tano. Kesho yake La Romieu, mwendo mfupi, ili wapate kupumzika. Kila kilima alikitia alama nyekundu, na kile cha Lectoure, mji uliokaa juu kabisa, alikipigia mistari miwili. "Hapo nitashuka niikokote baiskeli," alikuwa akisema, "na wala sitaona haya."

Alizeti hazikuwa ngeni kwake. Alizaliwa Singida, baba yake akiwa na kinu cha kukamulia mafuta ya alizeti. Kaka zake wote wanne walikuwa na baiskeli. Yeye alinyimwa, maana msichana wa Kikhoja, wale Wahindi wa Kishia, juu ya baiskeli, lo, watu wangesema nini! Akakua, akaolewa, akahamia Toronto, akalea mtoto, na hamu ikabaki pale pale kifuani. Alipofika miaka sitini na moja, rafiki yake Almina wa Thorncliffe Park akamshikia baiskeli kwenye uwanja wa kuegesha magari. Wiki tatu alianguka, magoti yakachubuka, hijabu ikaenda upande. Wiki ya nne akaondoka peke yake mpaka mwisho wa uwanja, akapiga vigelegele. Jamani, mwanamke yule alifurahi!

Sasa Shaukat. Msije mkamdhania mtu mbaya, hakuwa mbaya. Alikuwa mfamasia mstaafu hapo Thornhill, kando ya Toronto, mjumbe wa kamati ya imambara, ukumbi wa ibada wa Mashia, na msoma marsia, zile tenzi za maombolezo, ambaye sauti yake iliwaliza watu. Kila Jumamosi alipakia baiskeli ya mkewe nyuma ya gari akampeleka kwenye njia ya kando ya mto Don, na alimpenda, hilo halina ubishi. Ila garini hakushuka. Alijikunyata humo na simu yake mpaka Daulat arudi, asije akapita mtu wa imambara akamwona.

Basi mwaka wa 2023 Daulat na Almina wakapanga safari. Daulat alitaka alizeti zikiwa zimechanua, na kule huchanua Julai na Agosti. Tatizo ni kwamba mwaka ule Muharram iliangukia Julai, na wao Mashia maombolezo yao, yanayoanza na mwezi huo, ni miezi miwili na siku nane. Hakuna harusi, hakuna nguo mpya, hakuna kutoka kwa starehe.

"Kamuulize Maulana Naqi," Daulat alimwambia mumewe, maana huyo ndiye sheikh wa imambara yao. "Akisema hapana, nimeacha."

Shaukat akaenda siku ya Alhamisi. Alimkuta Maulana mlangoni mwa imambara anavaa viatu, na swali analo mdomoni kabisa. Lakini wanakamati watatu walikuwa wamesimama hapo hapo. Akajisikia kichwani jinsi atakavyosema, Maulana, mke wangu wa miaka sitini na minne anataka kupanda baiskeli Ufaransa mwezi wa Safar, katikati ya maombolezo, na jasho likamtoka. Akafungua mdomo, akauliza kipaza sauti cha upande wa akina mama kitatengenezwa lini.

Nyumbani Daulat alikuwa amekaa mezani, ramani imetandazwa mbele yake.

"Maulana amesema haifai," Shaukat akasema.

Maneno matatu tu. Daulat akaikunja ramani polepole. Shaukat, kwa huruma yake ya kuchelewa, akaleta kalenda akaanza kumhesabia, kwamba Muharram hurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo ikifika 2028, Agosti yote itakuwa huru. Nitakupeleka mwenyewe, alisema, inshallah. Na aliamini kabisa anayoyasema, masikini, kana kwamba miaka ni mali yake.

Daulat alimwambia Almina kwamba yeye safari ameiahirisha, basi, hakueleza zaidi. Agosti Almina akaenda na dada yake. Picha zilipoanza kuingia kwenye simu, alizeti mpaka upeo wa macho, Daulat akaiweka simu kifudifudi.

"Maulana kakataza, naye kaenda bila hata kuuliza," alisema. "Sikutegemea hilo kwa Almina."

Tangu siku hiyo hakupokea tena simu yake. Rafiki wa miaka ishirini! Na Shaukat, ambaye neno moja tu lingetengeneza kila kitu, akanyamaza, akajiambia yatapoa yenyewe.

Hayakupoa. Machipuko ya mwaka uliofuata Daulat alianguka na baiskeli, mguu umekataa kusukuma pedali. Wakadhani ni kiatu. Kisha kikombe kikamponyoka, kisha kijiko, kisha madaktari wakawakalisha kwenye chumba chenye boksi la tishu mezani wakawaambia ugonjwa huu hauna dawa. Mfamasia mzima, miaka thelathini na mitano ya kuwagawia watu dawa, alitoka pale mikono mitupu.

Maulana Naqi alikuja kumjulia hali Novemba hii, saa tisa alasiri. Shaukat alimtengea chai. Alitaka kuzima televisheni, Daulat akamkataza kwa macho, na baiskeli ikaendelea kupanda taratibu kwenye skrini.

"Maulana," Daulat alisema. Ilibidi kumngoja, maana kila neno alilitafutia pumzi yake. "Ile safari. Ulipokataza, niliumia. Lakini nilitii. Niombee, nipate thawabu yake."

Maulana akaweka kikombe chini. "Safari gani, dada yangu?"

"Ufaransa. Ya baiskeli."

"Ah, ile!" Maulana akatabasamu, mtu wa watu, hana habari na shimo aliloliendea. "Mbona sikukataza? Almina alikuja kuniuliza. Nikamwambia amalize siku kumi za Ashura, halafu aende, na majlisi za maombolezo azisikilize kwa simu kila jioni. Nikamuuliza hata, Daulat je, haendi? Akasema wewe umeahirisha. Nami nikadhani labda..."

Hapo akamtazama Shaukat, na akaona. Chai hakuimaliza. Alisoma dua, akamwombea mgonjwa, akavaa koti, na mlangoni hakumpa Shaukat mkono.

Shaukat alirudi chumbani akasimama nyuma ya kiti, mahali ambapo Daulat hawezi kumwona.

"Baba Masoomah," Daulat aliita. Masoomah ni binti yao, yuko Brampton. "Njoo mbele."

Akaja mbele.

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Niliona haya," Shaukat alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka ndevuni. "Watu walikuwepo."

Kwenye televisheni yule mtu alikuwa amefika juu ya kilima, anahema. Daulat alimsikiliza kidogo.

"Miaka miwili," alisema, "nimemshukuru Mungu kwa kunipa nguvu ya kumtii. Kumbe nilikuwa nakutii wewe."

Shaukat akapiga magoti, akaishika ile mikono isiyoweza kumshika. Nisamehe, Daulat, nisamehe, wallahi sikukusudia. Alisema yote anayoyasema mtu wa namna hiyo. Daulat alikuwa na lake la kusema.

"Niitie Almina. Nimemdhulumu. Nataka anisamehe kabla sauti haijaisha. Na umwambie wewe, kwa mdomo wako, ulichofanya."

"Nitamwambia."

"Niapie."

Akaapa. Jioni ile ile akapiga simu, akasema tu kwamba Daulat anamwomba aje, mengine atamweleza uso kwa uso. Almina akalia, kisha akasema Jumapili atakuja, lazima.

Ijumaa kifua kikambana Daulat. Gari la wagonjwa likamchukua, hospitali wakamtoboa koo na kuweka bomba la kupumulia, na sauti ikaishia hapo. Alibaki na macho. Kibao cha herufi, cha kuzungumza kwa macho, kitaletwa wiki ijayo, nesi alisema, na kwa jinsi alivyosema hata yeye hakuwa na hakika na hiyo wiki ijayo.

Jumapili Almina akaingia na koti lake lenye theluji mabegani. Akaenda moja kwa moja kitandani, akambusu Daulat kipaji cha uso, akamsimulia safari yote akilia na kucheka. Alimwambia kwamba kilima cha Lectoure kilimshinda, aliikokota baiskeli, na njia nzima alikuwa akisema, Daulat angenicheka leo. Machozi yalishuka pembeni ya macho ya Daulat mpaka masikioni, na Shaukat akayapangusa.

Kisha Almina akageuka.

"Kaka Shaukat, nieleze. Miaka miwili nimejiuliza. Nilimkosea nini?"

Daulat akayahamisha macho kutoka kwa Almina hadi kwa mumewe, akayakaza hapo, akangoja.

Chumbani walikuwa watatu tu. Shaukat alijua maneno, alikuwa ameyarudia garini njia nzima. Alifungua mdomo. Aliuona uso wa Almina, akawaona kichwani dada wa Almina, na akina mama wa Thorncliffe, na imambara nzima siku ya Alhamisi.

"Ni ugonjwa, Almina," alisema. "Ulimbadilisha kabla hatujajua. Hukumkosea kitu."

"Pole yake jamani," Almina akasema, akaushika mkono wa Daulat.

Daulat aliyafumba macho kwa nguvu. Almina alipoondoka hakuyafumbua, wala Shaukat alipomwita, wala alipomwita tena.