Vibandiko vya Mama Pasi

Asubuhi ya Alhamisi, Mama Pasi alivuta droo ya kabati, akaingiza mkono chini ya mashuka, akatoa kiboksi chake cheupe na kukitikisa. Kimya. Akakifungua. Kitupu! Akakipindua, akachungulia pembe zote nne, akapapasa droo nzima mpaka nyuma. Alichopata ni kifungo cha shati na soksi moja isiyo na mwenzake.

"Haya sasa makubwa," alisema peke yake.

Ndani ya kiboksi kile vilitakiwa kuwamo vibandiko vinne. Hesabu yake aliijua vizuri, maana alibandika kimoja kila Jumatatu na kimoja kila Alhamisi, chini ya kiuno, leo kulia, mara ijayo kushoto, kama nesi alivyomwelekeza. Vilikuwa vyembamba, vya kung'aa, vidogo kama stempu ya barua. Ukiviona utadhani ni vitu vya mchezo. Lakini vilimrudisha kwenye utu.

Miezi minane iliyopita Mama Pasi alipasuliwa tumbo. Walimtoa kizazi kwa sababu ya uvimbe, na vile vifuko viwili vya mayai navyo wakavitoa, kwa kuwa vilikuwa vimeharibika. Daktari alimweleza mapema, taratibu, kwamba vifuko ndivyo vinavyotengeneza homoni, na vikiondoka ghafla mwili utashtuka. Mwili ukashtuka kweli. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi utosini kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Na yeye kazi yake ni kupiga pasi! Alipiga pasi vitambaa vya meza vya ukumbi wa sherehe, mashati ya mabwana wa ofisini, mapazia yenye marinda, na marinda yake yalinyooka mpaka watu wakamwita Mama Pasi, jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Sasa jasho likawa linadondokea kitambaa kabla mvuke haujafika. Usingizi ukamhama. Vidole vikakaza. Siku moja alilia kwa kwikwi kwa sababu ya kola ya shati, shati lenyewe si lake.

Ndipo nesi wa kliniki akampa vibandiko vya homoni. Wiki ya kwanza hakuona kitu. Wiki ya tatu alishtuka anaimba huku anakunja shuka. Akalala mpaka kunakucha. Akakumbuka kwamba mumewe ni mtu wa kuchekesha.

Sasa vimekwenda wapi?

Jibu alilipata kibarazani. Mumewe alikuwa fundi viatu, na kibaraza cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake: kigoda kifupi, kopo la gundi, misumari midomoni, viatu vya watu vimepangwa vikingoja soli. Pembeni yake alikaa kaka yake mkubwa, dereva wa lori aliyestaafu na maumivu yake yote.

"Shemeji!" kaka mtu alipaza sauti alipomwona. "Mungu akuzidishie. Zile plasta zako za mgongo si mchezo. Hebu ona." Akageuka, akapandisha shati. Pale juu ya kiuno, katikati ya nyama zake, kibandiko cha Mama Pasi kilikuwa kinang'aa.

"Mimi nimebandika viwili kwa awamu," alisema Fundi, ametema misumari kwanza. "Kaka nimempa viwili. Mke wangu, kumbe unatuficha dawa nzuri namna hii? Leo nimeinama tangu asubuhi, mgongo umenyamaza kabisa."

Mama Pasi alikitazama kile kibandiko. Akasema, "Mmefanya vizuri." Akarudi ndani.

Angesema nini? Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mumewe kuwa ni plasta za mgongo. Siku ile alipotoka hospitali, Fundi alikuwa amemshika mkono, anawaambia ndugu mlangoni kwa furaha: "Wametoa kizazi tu, jamani, mengine yote yapo!" Alisema ili kumliwaza mkewe. Mama Pasi akakosa moyo wa kumkatiza. Kesho yake akakosa tena. Mwezi ukapita, na lile neno "mengine yote yapo" likakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Aliogopa kwamba siku Fundi akijua hayapo, atamtazama kwa huruma, na huruma ya mume aliiogopa kuliko kisu cha daktari. Hivyo vibandiko vilipoletwa, naye akaulizwa ni vya nini, akajibu haraka: mgongo.

Siku ya kliniki ilikuwa bado wiki mbili. Aliamua kuvumilia.

Siku ya nne joto likarudi na mizigo yake yote. Siku ya sita alimfokea Fundi kwa kupuliza chai. "Unapuliza kama unawasha moto! Ni chai hiyo!" Fundi akaweka kikombe chini, akainywa ikiwa baridi. Siku ya nane alisahau pasi juu ya kitambaa cha meza cha ukumbini, akikimbilia dirishani kutafuta hewa. Aliporudi, kitambaa kimepata dirisha lake pia, umbo la pasi kabisa, kingo kahawia.

Akakaa juu ya furushi la nguo na kujipepea kwa kifuniko cha boksi. Ndivyo Fundi alivyomkuta. Alitazama kitambaa, akamtazama mkewe, akafikiri kwa namna yake ya mtu wa vitendo.

"Ni mgongo," alisema. "Mgongo umekurudia, na kosa ni letu, tumekumalizia plasta. Ngoja."

Akatoka. Dakika ishirini baadaye alirudi anahema, ana bahasha kutoka duka la dawa.

"Zile zako hawana. Lakini muuzaji ameniambia hizi ndizo kali zaidi. Inama kidogo."

"Baba watoto, niache."

"Inama tu, mke wangu. Mara moja."

Alikuwa amechoka hata kubishana. Akainama. Fundi akabandika plasta kubwa kama kiganja, akaikandamiza kwa ustadi wa mtu anayebandika soli.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu ile plasta ikaamka. Ilikuwa ya pilipili, ya kupasha misuli joto, na ilimpata Mama Pasi wakati joto lake mwenyewe linapanda. Mawili yakakutana katikati ya mgongo.

"Mamaaa! Toa! Toa hiki kitu!"

"Tulia, ndiyo inafanya kazi!"

"Inanichoma! Toa, nimesema!" Alizunguka meza ya pasi mara mbili, Fundi nyuma yake anajaribu kushika ukingo wa plasta. Alipoipata akaivuta, Mama Pasi akapiga yowe lililomfanya mteja wa viatu aliyekuwa kibarazani aondoke bila viatu.

"Sasa hii imekuwaje?" Fundi aliuliza, plasta mkononi. "Zile nyingine hazikuwa na moto hata kidogo."

"Kwa sababu si plasta!" Mama Pasi alipasuka. "Si za mgongo! Ni homoni! Umebandika homoni za kike, wewe na kaka yako! Walinitoa vyote, unasikia? Kizazi na mayai yake. Hayo mengine yote unayosema yapo, hayapo!"

Pasi ilikuwa inatoa mvuke wake pole pole. Fundi alikaa juu ya furushi jingine. Akatazama plasta, kisha dari, kisha mkewe.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Miezi minane unabeba peke yako." Alitikisa kichwa. "Na mimi nilidhani umenichoka. Unalala ukingoni mwa kitanda kama abiria asiye na tiketi."

"Nilikuwa naungua, jamani. Ningekusogeleaje?"

"Ungesema! Mimi nilioa mtu, sikuoa kuku wa mayai."

Mama Pasi alitaka kukasirika. Kicheko kikamtangulia. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kile kitambaa kilichoungua, Fundi naye akacheka, halafu ghafla akaacha na kujishika kifua.

"Subiri. Mimi itanifanya nini?"

Kesho yake, bila kungoja tarehe, walikwenda kliniki pamoja. Fundi alivaa shati alilopigiwa pasi asubuhi hiyo hiyo, akakaa benchi moja na akina mama, magoti pamoja kama mwanafunzi mgeni. Zamu yao ilipofika, nesi alifungua kadi, akakunja uso.

"Mama, vibandiko vya mwezi mzima. Vimeishaje?"

Fundi akasimama. "Nilibandika mimi, nesi. Mimi na kaka yangu."

Mlango ulikuwa wazi. Benchi zima liliangua kicheko. Nesi alijitahidi sana kubaki na uso wa kazi.

"Na wewe baba, kizazi umetolewa lini?"

Alipomaliza kumcheka, alimtuliza: viwili havitamgeuza, lakini dawa ya mtu haigawiwi, na huyo kaka aje apimwe mgongo wake kama watu wengine. Akampa Mama Pasi kiboksi kipya, akasogeza kiti.

"Sasa nataka kumuuliza mama mambo yake. Usingizi, moyo, na ya chumbani. Baba, tusubiri pale nje."

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mwache akae," alisema Mama Pasi. "Afunge tu huo mlango."

Fundi akaufunga, akarudi, akaketi. Nesi akashika kalamu. Kabla hajauliza la kwanza, Fundi akainua kidole.

"Nesi, hilo la chumbani tunaweza kuanza nalo?"

"Wewe nyamaza, nimeulizwa mimi," alisema Mama Pasi, akajivuta mbele kwenye kiti na kuanza kueleza, moja baada ya jingine, bila kuruka.