Vidole Viwili Kooni

Virginia alipiga makofi bila viganja kugusana, na watoto wanane waliokaa mkekani wakaanza kuimba alfabeti. Midomo ilifunguka na kufumba kwa pamoja. Vichwa viliyumba kufuata mahadhi. Sauti haikutoka. Kila mtoto alikuwa ameweka vidole viwili kooni, na koo likitetemeka mwenyewe alijua kakosea hata kabla mwalimu hajamtupia jicho. Ambaye koo lake lilitulia mpaka mwisho wa somo alichorwa nyota ya kalamu nyekundu mgongoni mwa mkono.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya darasa hili la mtaa wa Najma, Doha, ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma chenye dirisha lililozibwa kwa maboksi. Sheria ya pili haikuwahi kuhitajika.

Mwaka juzi, mtaa wa pili tu, mama mmoja Mganda alikuwa na darasa kama hili. Watoto wakaimba. Jirani akasikia, jirani akapiga simu, na mama wa watu akapandishwa ndege na nguo alizovaa. Wazazi nao wakaitwa mmoja mmoja waeleze watoto hao wamezaliwa lini, na kwa ndoa ipi. Virginia hakutaka yamkute hayo. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwao Nyahururu kabla ya kuja Doha kufua nguo za watu, na alipoikimbia nyumba ile ya kufua, kibali chake kilikufa siku hiyo hiyo. Basi akabuni namna yake. Yeye alijifunza kusoma midomo; watoto walijifunza kutamka bila pumzi. Wanajua kujumlisha, wanajua kusoma, siku za juma wanazijua kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Alijivunia, kusema kweli. Mwalimu gani mwingine ana darasa lenye adabu namna hiyo?

Jumapili ile, wengine walipokwisha kuchukuliwa, Mariamu alibaki mlangoni na sare yake ya hoteli. Mariamu ni mama yake Shani, mtu wa Tanga, mfagia vyumba huko Al Sadd, na hakuweza kusimama bila kushika kitu. Akashika pazia.

"Mwalimu, wameita," alisema. "Ile shule ya Abu Hamour. Alhamisi saa nne."

"Wacha! Wameita kweli?"

"Nafasi imebaki moja. Wala hakuna kuandika, dada. Wanamuuliza tu, anajibu kwa mdomo."

Virginia alikuwa ameanza kucheka. Kicheko kikamkauka. "Kwa mdomo?"

"Ndiyo. Si anajua yote?"

Shani alikuwa amekaa chini akifunga viatu. Katika wale wanane ni yeye peke yake aliyekuwa na kitambulisho, tena cha mwezi uliopita tu. Baba yake, Khalfan, dereva wa bwana mmoja, alihangaika na cheti cha ndoa mpaka kikagongwa mihuri yote inayotakiwa. Lakini mihuri ilichukua miaka, na miaka haikumsubiri mtoto. Muhula ujao atakuwa ametimiza minane, na shule ilisema wazi kwamba mtoto wa minane asiye na cheti cha shule yoyote hawampokei. Shule nyingine zilizo na karo ya watu kama wao zilikwisha kumkataa. Ilikuwa Alhamisi au basi.

"Nyumbani huwa anasema?" Virginia aliuliza.

"Ananong'ona." Mariamu alishangaa swali lenyewe. "Flati ina familia nne na mbao katikati. Akipaza sauti tutafukuzwa. Mie huwa nawaambia wenzangu, Mungu kanipa mtoto mtulivu." Akalivuta pazia. "Sasa nina jambo, dada. Supavaiza kanikatalia. Hoteli imejaa, kasema nisipokuja Alhamisi nisije tena. Na Khalfan yuko jangwani kwenye mahema ya bosi wake mpaka Ijumaa. Nenda wewe. Sema u mama yake mdogo."

"Mimi, Mariamu? Na vile sina ID?"

"Getini yupo yule Joram wenu wa kanisani. Nishaongea naye."

Virginia alimtazama Shani, ambaye alikuwa amemaliza viatu na ameunyosha mkono wake kuiangalia nyota ya siku hiyo. Akakubali. Aliogopa, lakini alikubali, kwa sababu katika miaka yote ya kufundisha kwa midomo mitupu hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka chumba kile akaingia darasa lenye dirisha.

Jumatatu alimbakisha Shani baada ya somo, akamwingiza bafuni, akafungulia bomba la maji mpaka mwisho.

"Nne na tatu?"

Vidole vikapanda kooni. Midomo ikasema saba.

"Safi. Sasa sema na sauti."

Shani aliutazama mlango. Midomo ikasema: mwalimu, hilo ni kosa.

"Leo si kosa. Mimi ndiye nimesema." Akaushika ule mkono, akaushusha taratibu. Aliuachia, ukarudi kooni wenyewe.

Jumanne alimpeleka uchochoroni, nyuma ya fundi magurudumu, ambako nyundo hazikomi na mtu akiimba wimbo wa taifa hakuna wa kugeuka. Walikaa kwenye tofali mpaka jasho likawalowesha. Shani alijibu kila swali, wala hakukosa hata moja, na Virginia hakusikia neno. Alishikwa na hasira, akataka kumtikisa mtoto. Kisha akajiuliza hasira hiyo ni ya nani hasa, maana mwenye kuifunga sauti hiyo alikuwa ni yeye.

Jumatano wakapanda paa la jengo. Kule juu kuna matangi ya maji na safu za mashine za viyoyozi zinazonguruma mchana kutwa. Mtu akitaka kuongea na mwenzake lazima amkaribie sikioni. Virginia aliinama kati ya matangi mawili akaanza yeye mwenyewe. Alipiga kelele. Alipaza herufi A kama mtu anayemwita ng'ombe aliyepotea, na sauti yake ikamshtua, ilikuwa inakwaruza kwa kutotumika. Shani alimtazama akacheka. Kicheko kilikuwa na sauti. Kidogo, chenye kukwama, lakini kilitoka.

"Ehe! Hiyo hiyo! Nne na tatu?"

"Saba," alisema Shani.

"Sikusikia!"

"Saba!"

"Tano na tano?"

"Kumi! Kumi! Kumi!" Sasa alikuwa anaruka, mikono juu, mbali na koo, na sauti yake ilikuwa nyembamba na kali, nzuri mno. Virginia alihisi machozi, na hakuyafuta, maana yalikuwa ya furaha na muda mrefu hakuwa amepata ya aina hiyo.

Mlango wa paa ukafunguliwa. Alikuwa natuur, mlinzi wa jengo, na ndoo mkononi. Mtu mpole siku zote, lakini naye ana wakubwa wake.

"Nani anapiga kelele?" aliuliza kwa kile Kiarabu cha vibarua ambacho wote wawili walijifunzia kazini. "Watoto paa mamnuu, hairuhusiwi. Huyu mtoto wa nani? Flati gani?"

"Mgeni, baba. Tunashuka. Tunashuka sasa hivi."

"Mgeni? Mimi huona watoto wanaingia asubuhi. Mimi hunyamaza. Mudiri, bosi wangu, akisikia, mimi sina kazi. Nikisikia sauti ya mtoto tena, napiga simu. Unafahamu? Halas."

Virginia alipiga magoti. Hakuwa amepanga kupiga magoti. Miguu ilifanya yenyewe, pale kwenye saruji iliyopata moto. Akaushika mkono wa mtu yule uliokuwa na maji ya ndoo. "Sauti hutaisikia tena, baba. Nakuapia. Hutaisikia."

Natuur aliuchomoa mkono wake, kwa aibu. Akashuka.

Virginia alipogeuka, Shani alikuwa amesimama kati ya matangi akimtazama mwalimu wake aliyepiga magoti. Vidole viwili vilikuwa kooni.

Alhamisi Joram aliwapokea getini akiwa na sare iliyonyooka. "Pita tu, dada. Ukiulizwa, mimi nilikuwa naangalia gari." Kisha akamwinamia Shani: "Na wewe mtoi, wachape hao."

Chumba cha mtihani kilikuwa na ukuta wa kioo, na walezi walingoja upande wa pili. Virginia alikaa pembeni kabisa. Ndani, mwalimu mmoja wa kike mwenye uso mwema na kadi kifuani alimketisha Shani, akamwonyesha picha ya machungwa. Virginia hakuweza kumsikia. Aliiona mikono ya Shani ikiwa mapajani na akaomba: ibaki hapo, Baba, ibaki hapo.

Mkono wa kulia ukapanda.

Kumi na mbili, ikasema midomo ya Shani. Ilikuwa sahihi. Mwalimu akamsogelea, akatabasamu, akauliza tena. Kumi na mbili. Akabadilisha picha. Kipepeo, ikasema midomo, kisha kwa kuwa Shani hupenda kuzidisha, ikaongeza: ana mabawa manne. Akaonyeshwa sentensi. Akaisoma yote, neno kwa neno, na pale penye nukta akapumzika kama alivyofundishwa. Virginia alifuata kila kitu kupitia kioo. Hakukuwa na kosa hata moja, na mwalimu yule alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma.

Mwalimu akatoka nje akafunga mlango nyuma yake.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mama yake mdogo, madam."

"Mtoto ana tatizo la kusema?"

"Hapana. Amekujibu, madam. Yote. Mtazame midomo."

"Hajatoa neno." Alisema bila ukali. "Alikuwa akisoma wapi? Kama kuna mwalimu aliyemfundisha, naweza kumpigia simu sasa hivi. Akinithibitishia, nitamrudia mtoto wiki ijayo. Nataka kumsaidia. Nipe jina lake tu."

Jina lilikuwa pale, kwenye ulimi. Lingetosha. Lakini baada ya jina lingekuja swali la shule, na baada ya shule swali la kibali, na baada ya kibali watu wangepanda ngazi za Najma hadi chumba cha nyuma, ambako watoto saba asubuhi hii waliachiwa mama mmoja awatazame, wakiwa mkekani, wakimngoja arudi.

"Hakuwa na mwalimu," Virginia alisema. "Alikuwa nyumbani tu na mama yake."

"Ndiyo hivyo." Mwalimu alimgusa bega. "Nawaona wengi. Wazazi wanarudi kutoka kazini wamechoka, hawazungumzi na watoto, halafu mtoto anakua hivi. Mwambie dada yako asijilaumu sana. Ila sisi hatuna wa kumhudumia mtoto asiyesema. Mtafutieni shule maalumu."

"Asante, madam," alisema Virginia.

Nje jua lilikuwa kali. Joram aliacha kibanda chake akawafuata hatua chache. "Vipi, mtoi? Umepita?"

Shani alitazama kushoto na kulia. Uso wake ulikuwa unang'aa. Akaweka vidole kooni, na midomo ikaenda mbio.

"Anasemaje?" Joram aliuliza.

Virginia alimtafsiria. "Anasema koo halikutetemeka hata mara moja."

Joram hakuelewa. Shani alikuwa tayari ameunyosha mkono, mgongo wa mkono ukiwa juu, akingoja nyota yake, na Virginia akafungua mkoba akaanza kuitafuta kalamu.