Ndege wa Miguu Mitatu

Telma Cúmez alikuwa amejiteua Mbunifu Mkuu wa Mavazi wa mji wa Comalapa, cheo ambacho hakuna mwingine aliyekigombea. Alinunua güipil kuukuu, zile blauzi za kufumwa kwa mkono, akazikata na kuzishona upya kuwa majaketi ya mabibi wa mji wa Antigua.

Mwezi uliopita hakununua. Alifungua kasha la bibi yake Nicolasa, akatoa güipil nyekundu kwenye furushi lililokuwamo, na mahali pake akafungasha kitambaa cha meza chenye picha za mananasi, kwa heshima zote. Kifuani mwa güipil ile palikuwa na safu ya ndege wa miguu mitatu. Telma aliwageuza kuwa mikono ya jaketi, na kwenye maonyesho wakashangiliwa.

Asubuhi yake alikuwa bado amelivaa jaketi hilo, shali juu, baba yake alipompigia simu aende moja kwa moja kwa wachunguzi wa mifupa. Huko ndiko alikosikia kwamba aliwahi kuwa na shangazi, Eulalia, aliyechukuliwa na askari mwaka wa themanini na mbili. Nyumbani jina hilo halikutajwa, askari wasije wakarudi; askari waliondoka, woga ukabaki.

Mezani palilazwa mifupa iliyotoka shimoni kwenye kambi ya zamani, na kipande cha nguo kilichooza. Wachunguzi walisema majibu ya vipimo vya damu ya jamaa yangechukua miezi. Bibi, aliyekuwa ametangulia kufika na furushi lake, alisema hapeleki mifupa nyumbani kwa kuamini karatasi tu. Alikuwa amefuma güipil mbili pacha. Moja Eulalia aliondoka nayo mwilini, nyingine ilitunzwa miaka arobaini kwa ajili ya siku hii ya kuzilinganisha.

Akafungua furushi. Mananasi.

Mchunguzi akajifanya anatafuta kalamu. Bibi alikigeuza kitambaa upande wa pili, kama vile ndege wangeweza kuwa huko.

"Basi nimezeeka," alisema. "Mrudisheni huyu kwenye sanduku lenu."

Telma angeweza kunyamaza. Kwao kunyamaza kulikuwa desturi. Alivua shali.

"Bibi, ni mimi."

Alisubiri kofi. Halikuja.

"Weka mkono hapa, mjukuu wangu."

Telma akaulaza mkono wake kando ya mbavu, mkono wa jaketi ukigusana na kile kipande kilichooza. Bibi alipitisha kidole juu ya ndege mmoja, kisha juu ya mwenzake kwenye kipande, akihesabu miguu. Mmoja, miwili, mitatu.

"Ni yeye. Vua. Atazikwa nayo."

Akaomba mkasi, akaanza kufumua begani. Baada ya kitambo akasema, bila kuinua macho, "Unashona vibaya. Nyuzi zinatoka zenyewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mgongo wa güipil uko wapi?"

Telma alitazama sakafu. Akaeleza kwamba mgongo ulitoa vibegi vitano, na vyote vilinunuliwa na watalii waliokwisha kupanda ndege.

Bibi aliendelea kufumua.