Akaunti Isiyoguswa

Kadi iligoma mara ya pili. Mama Pacha akaichomoa, akaifuta kwenye ovaroli, akairudisha tena. Wapi! Mlinzi wa benki akamwambia, "Ingia ndani ukaulize, mama. Mashine haina kosa."

Ndani viti vilikuwepo, lakini angekaaje? Hospitali walitaka malipo kabla ya saa sita, la sivyo nafasi ya pacha wake mmoja kupasuliwa mguu angepewa mgonjwa mwingine. Alikuwa ametoroka kazini kwenye dobi, wanakofua nguo na mashuka, mikono bado inanuka sabuni. Akahangaika dirisha hili na lile mpaka binti mmoja akamwonea huruma.

"Akaunti imezuiwa, mama. Amri ya mahakama. Kuna mkopo wa pikipiki, wewe ni mdhamini."

"Wa marehemu mume wangu, naujua. Lakini hii ni akaunti ya pensheni ya mjane! Si mliniambia wenyewe kwamba pensheni haiguswi na wadai?"

Kweli walimwambia. Ndiyo maana wakopeshaji walipokuja nyumbani wakabeba cherehani na godoro, yeye akajiona mjanja. Michango yote ya wenzake wa dobi kwa ajili ya mtoto akaielekeza humo humo, ikae salama. Angeficha hela chini ya godoro gani, na lenyewe limeshabebwa?

Binti akamwita meneja, mtu wa sauti ya upole.

"Pensheni ingekaa peke yake, tusingeigusa," alisema. "Lakini umechanganya. Sasa haijulikani ipi ni ipi."

"Mimi najua! Pensheni inaingia mwisho wa mwezi, kiwango kilekile. Zingine zote ni za mguu wa mtoto. Tazama hapo, si kila hela ina jina la mtu?"

"Nakuamini, mama. Ila mwenye kutenganisha ni mahakama. Unapeleka maombi, unalipia ada, unapangiwa tarehe."

"Ada nitoe wapi?"

"Labda ndugu na marafiki..."

"Ndugu na marafiki ndio hao mmewafungia humo ndani!"

Watu waligeuka. Meneja akashusha sauti zaidi. "Pole sana."

"Pole yako haimpasui mwanangu, baba."

Alitoka nje, akaenda mpaka barabarani, akarudi mpaka mlangoni. Akampigia Shangazi, mpiga pasi wa dobi aliyekuwa akikusanya michango. Namba inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Ujumbe ukaingia kutoka kwake huyo huyo Shangazi: "Mwanangu, hospitali wamepandisha bei. Usiogope, nimeshika simu, nawabana wote watume sasa hivi."

"Msitume!" akaandika. "Msitume!" Simu ikamjibu kuwa salio halitoshi.

Hela zikaanza kuingia kwenye akaunti, kila moja na ujumbe wake simuni. Ya dereva wa gari la mashuka. Ya msimamizi, yule bahili ambaye hajawahi kumnunulia mtu hata chai. Leo ndiyo kaamua kuwa na roho nzuri, jamani! Ikafuata ya mfagiaji, ambaye mshahara wa mwezi uliopita bado anaudai.

Mama Pacha akarudi ndani mbio, akawapita wa kwenye foleni, wakamzomea. Akashika ukingo wa dirisha la yule binti kwa mikono miwili.

"Nisaidie, mwanangu. Zizuie zisiingie! Wanatuma na hawajui."

Binti akatazama kompyuta, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini sauti ilibaki ya kikazi.

"Haiwezekani, mama. Amri inazuia kutoka tu. Kuingia ni ruksa."

Simu ikalia tena mkononi mwa Mama Pacha. Ilikuwa hela ya mzee wa kuchemsha maji pale dobi, kiasi kidogo mno, na chini yake ameandika: "Hii ni nauli yangu ya kurudia nyumbani. Leo nitatembea, mtoto apone."